Nyumba moja, ladha nne: Nani analipia muziki, na unanunuliwa nchi gani?

Dar es Salaam. Ukipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mchana wa Jumamosi, masikio hupata habari kabla ya macho. Duka la viatu linapiga singeli, mama wa madira jirani yake ana taarabu ya Khadija Kopa, na upande wa Msimbazi muuza nyimbo amefungulia rumba la Kongo la miaka ya themanini ili wateja wa makamo wapunguze mwendo.

Nyumba nyingi za katikati ya jiji, kuanzia Gerezani na Ilala hadi Upanga, ni Kariakoo ndogo. Babu anataka Msondo na Sikinde. Mama anataka taarabu, au kwaya ikifika Jumapili. Baba hajatoka kwenye Bongo Fleva ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vijana wana singeli, amapiano ya Afrika Kusini na nyimbo za Nigeria.

Zamani redio ilikuwa moja, sebuleni, na aliyeishika ndiye aliyeamua. Ugomvi uliisha kwa mkubwa kusema basi. Leo kila mtu ana simu yake na vipokea sauti vyake masikioni, na ugomvi huo umepungua. Umekuja mwingine: nani analipa, analipa duka gani, na duka hilo ni la nchi gani.

Swali hilo la mwisho huwashangaza wengi. Mchele wa Mbeya unaliwa Muscat na kitenge cha Kariakoo kinavaliwa Lubumbashi. Wimbo usio na uzito wowote, unaosafiri kwa sekunde chache, ndio unaogomea mpakani.

Muziki wa kuvuka bahari si jambo geni

Kununua muziki nchi nyingine ni desturi ya zamani Pwani. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kutoka Zanzibar hadi Bombay, India, kurekodi santuri kwa kampuni ya Gramophone, ambazo zilitoka kwa nembo ya HMV. Santuri hizo zilirudi Pwani kwa meli na kuuzwa kwa watu wale wale waliokuwa wakimsikiliza Siti barazani. Wimbo wa Kiswahili, ulioimbwa na Mswahili kwa Waswahili, ulikuwa bidhaa ya kutoka nje.

Baada ya Uhuru, bendi za Dar es Salaam na mikoani zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Rekodi hizo zilikusudiwa kurushwa hewani, si kuuzwa dukani. Aliyetaka santuri ya kwenda nayo nyumbani alitegemea zaidi Nairobi, kulikokuwa na kampuni na mitambo. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alitoa santuri zake huko. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walihamia huko kabisa na kundi lao la Simba Wanyika.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Pamoja na mengine yaliyokwama, santuri zilikwama. Wakati huo huo kaseti ilikuwa inashika kasi, na mtu aliweza kurekodi redioni mwenyewe au kupeleka kaseti tupu dukani, akataja nyimbo azitakazo na kurudi jioni kuichukua.

Kaseti ilimkomboa msikilizaji, lakini haikumkomboa mwanamuziki. Aliyelipwa alikuwa mwenye mashine ya kunakili, si mwenye wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipotungwa mwaka 1999 na COSOTA kuanzishwa, kizazi kizima kilikuwa kimeshazoea kwamba gharama ya muziki ni gharama ya kunakili.

Mwenye flashi ndiye maktaba

Mazoea hayo hayajafa, yamebadili chombo tu. Kwenye vibanda vya Kariakoo kaseti ilipisha CD, CD ikapisha memori kadi na flashi. Kijana ana kompyuta, spika mbili na mafaili aliyoyapanga kwa majina yanayoeleweka na kila mteja: zilipendwa, rumba, taarabu, kwaya, singeli, miksi za maharusi. Unampa flashi, mnapatana bei, unakwenda kutafuta sufuria, ukirudi nyimbo zimeshaingia.

Si haki kumbeza kijana huyu. Anajua kazi. Mteja akimwimbia mstari mmoja wa wimbo asioujua jina, yeye hutaja bendi na mwaka. Hahitaji mteja awe na kadi ya benki, barua pepe wala bando. Dereva wa daladala na mama lishe mwenye sabufa ya tundu la flashi wanahudumiwa sawasawa, na wimbo wakishaupata hauulizi nywila.

Tatizo ni lile lile la kaseti. Fedha inaishia mezani pake. Asipokuwa na kibali cha wenye nyimbo, aliyetunga, aliyeimba na aliyepiga gitaa hawaoni hata thumni, ilhali sheria ya Tanzania inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake, kijana anaponakili wimbo wa marehemu, anayekosa chake ni mjane na watoto, ambao huenda wanaishi mitaa miwili kutoka hapo.

Kwa Watanzania wengi, mara ya kwanza kulipia muziki wa kidijitali bila hata kujua ilikuwa ni miito ya simu: ule wimbo anaousikia anayekupigia kabla hujapokea. Kampuni ya simu ilikata salio, na sehemu yake ikaenda kwa msanii. Wasanii walilalamikia sana udogo wa sehemu hiyo, lakini huduma ilithibitisha jambo moja: mtu wa kawaida yuko tayari kulipia wimbo, ilimradi malipo yawe madogo na yapite kwenye simu yake.

Duka lenye mlinzi mlangoni

Duka la nyimbo la iTunes lilifunguliwa Marekani mwaka 2003, na wimbo mmoja ukauzwa senti 99 za dola. Lilipokuwa gumzo duniani, mkazi wa Dar es Salaam aliliona kama anavyoona duka kupitia kioo. Huduma ya Apple Music ilipoanza Juni 2015, Kenya na Uganda zilikuwamo kwenye orodha. Tanzania ilisubiri hadi Aprili 2020, ilipoingizwa pamoja na nchi nyingine 51.

Spotify nayo ilianza Ulaya, ikiwamo Uingereza, mwaka 2008. Oman iliipata Novemba 2018. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ziliingizwa kwenye kundi kubwa la nchi lililotangazwa Februari 2021, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata Novemba mwaka huo. Yaani nchi iliyowapa watu wa Kariakoo rumba ilifunguliwa mlango baada ya Kariakoo yenyewe.

Sababu si chuki wala kusahaulika. Haki ya kuuza wimbo hutolewa nchi kwa nchi. Kampuni inaweza kuwa na kibali cha kuuza albamu fulani Ufaransa na isiwe nacho Tanzania, kwa kuwa huku haki ziko kwa mtu mwingine, au hakuna aliyekaa mezani kuzijadili. Duka hutazama nchi iliyoandikwa kwenye akaunti, mahali kadi ya malipo ilipotolewa na wakati mwingine mahali simu ilipo. Yakipingana, mlango haufunguki.

Kabla ya 2020 vijana wengi wa mjini walipata njia ya uchochoro: kufungua akaunti na kuandika kwamba wanaishi Marekani. Wimbo ulipatikana, lakini kila malipo yalihitaji kadi ya zawadi ya Marekani, iliyonunuliwa kwa mtu wa mtandaoni asiyejulikana. Wapo waliotumiwa namba zilizokwisha kutumika, na hapakuwa na pa kushitaki.

Pengo hilo lilizibwa na huduma zilizomjua mteja wa huku. Boomplay ilikuja imewekwa tayari ndani ya simu za Tecno. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, iliruhusu kupakua nyimbo na miksi bure na kupata fedha kwa matangazo. Septemba 2020 hisa zake ziliorodheshwa kwenye soko la Copenhagen, Denmark. Tanzania yenyewe ilikuwa na Mkito, na Diamond Platnumz akafungua duka la nyimbo la Wasafi.

Malipo nayo yamerahisika. Mitandao ya simu inatoa kadi za mtandaoni zinazojazwa kutoka kwenye salio la simu, na duka la nje huzipokea kama kadi ya benki. Jambo la kukumbuka ni kodi: tangu Julai 2022 huduma za kidijitali za kampuni za nje zinatozwa VAT, hivyo bei iliyoonekana kwenye tangazo la nchi nyingine siyo lazima iwe ya kwako.

Kaka yuko London, shangazi Muscat

Tuchukue mfano wa familia ambayo kila mtu Kariakoo anaifahamu kwa sura. Mama ana fremu ya vitenge Mtaa wa Sikukuu. Binti yuko chuo Nairobi. Shangazi aliolewa Muscat. Kaka mkubwa anafanya kazi London, na ndiye mwenye kadi ya benki isiyogoma.

Siku moja kaka anaandika kwenye kundi la familia: nitalipia mpango wa familia, wote tusikilize. Ni wazo la upendo, lakini litagonga ukuta. Apple huruhusu watu hadi sita kwenye familia moja, kwa sharti kwamba akaunti zote ziwe za nchi moja. Spotify hutaka wanafamilia wote waishi anwani moja. Kwa maduka haya, familia ni watu wanaolala chini ya paa moja. Kwa Mswahili, shangazi wa Muscat ni familia hata asiporudi kwa miaka kumi.

Kaka akijaribu njia ya pili, kumnunulia mama kadi ya zawadi huko London, nayo itakataa. Kadi ya zawadi ya Uingereza hufungua akaunti ya Uingereza tu. Fedha imetoka, wimbo haujaingia, na kurudishiwa ni kazi.

Kinachofanya kazi ni cha kawaida kabisa: kaka atume fedha kwenye simu ya mama, na mama au kijana aliye naye alipie kwa akaunti ya Tanzania. Na kama albamu inapatikana Bandcamp, duka ambalo wasanii na lebo ndogo hujiuzia wenyewe, kaka anaweza kuinunua London na kumtumia mama kama zawadi. Mama atapakua faili la wimbo, atalihifadhi kwenye simu, na kama anataka atalitia kwenye flashi ya sabufa yake.

Aliyehama nchi ana lake la kuangalia. Binti wa Nairobi akibadili akaunti yake ya Apple kutoka Tanzania kwenda Kenya, atatakiwa kwanza amalize salio na kusitisha usajili unaoendelea. Baadhi ya alivyonunua huenda asiweze kuvipakua tena upande wa pili. Apple yenyewe inashauri kupakua kila kitu kabla ya kuhama. Ni kama kuhama nyumba ya kupanga: kilichobaki ndani baada ya kurudisha funguo ni mali ya bahati.

Singeli ya Mburahati, duka la Kampala

Safari ya ajabu kuliko zote ni ya muziki wenyewe. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, ilitoa albamu ya mkusanyiko iitwayo Sounds of Sisso. Nyimbo zake ni singeli iliyotengenezwa katika studio ya Sisso, Mburahati, mwendo wa daladala moja kutoka Kariakoo. Mwaka uliofuata ikatoka Poaa ya Bamba Pana, na 2019 Tatizo Pesa ya Jay Mitta.

Wasikilizaji wa Ulaya walizinunua kwa fedha za kigeni, na watengeneza midundo wa Mburahati wakaitwa kwenye matamasha ya huko. Wakati huo huo, muziki wa aina ile ile ulikuwa unarushwa kutoka simu moja hadi nyingine kwa Xender, bila senti kubadili mikono.

Haya hayamaanishi kwamba mtu wa Manzese hapendi singeli kuliko mtu wa Berlin. Yeye ndiye aliyeilea, kwenye vigodoro na harusi za mtaani, wakati watu wazima wakiiona kelele. Tofauti ni kwamba wa Berlin alikuta duka liko wazi na kadi yake inakubalika, na wa Manzese alikuta flashi.

Kijana wa nyumbani anaposema singeli ndiyo muziki wake, mzazi anaweza kumuuliza jambo moja la maana kuliko kumwambia apunguze sauti: huyo unayempenda, umewahi kumlipa? Shilingi mia chache kwenye huduma ya halali, au hata kusikiliza bure penye matangazo, huandika jina la msanii kwenye hesabu. Kurushiana kwa Xender hakuandiki kitu.

Kumtafutia babu Msondo

Upande wa pili wa nyumba, babu ana shida nyingine. Anaomba wimbo wa ujana wake, mjukuu anaandika Msondo Ngoma, na unatokea mkono mtupu au nyimbo za juzi. Mjukuu anakata tamaa, babu anaamini mtandao hauna kitu.

Mara nyingi wimbo upo, ila kwa jina jingine. Bendi hiyo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, kwa jina la chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika ikawa JUWATA, kisha OTTU, na Msondo ni jina lililobaki. Mlimani Park iliyoundwa 1978 hupatikana pia kwa jina la Sikinde. Bendi ya Franco inaandikwa OK Jazz kwenye rekodi za zamani na TPOK Jazz kwenye za baadaye. Anayejua historia hii anapata mara tatu ya asiyeijua, na anayeijua nyumbani kwa kawaida ni babu mwenyewe. Mjukuu ana vidole, babu ana majina; wakikaa pamoja kazi inakwisha.

Nyingine zimo kwenye maduka ya nje. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, na kulifanya Jiji la Dar es Salaam kuwa lake, alitoa Songs for the Poor Man mwaka 1989 kupitia lebo ya Real World ya Uingereza. Bi Kidude alitoka London kwa lebo ya Retroafric. Mfululizo wa Zanzibara, unaotolewa na lebo ya Buda ya Ufaransa, umekusanya taarabu na dansi la Tanzania, ikiwamo albamu nzima ya bendi za Dar es Salaam za mwaka 1978 hadi 1983.

Umenunua au umekodi?

Kuna tofauti ambayo familia nyingi huigundua siku ya hasara. Kulipia kwa mwezi ni kukodi. Nyimbo ulizozipakua ndani ya Spotify au Apple Music husikika muda wote unaolipa, na ukiacha zinafungwa, hata kama zimekaa kwenye simu miaka mitatu. Spotify hutaka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo hufunga ulichopakua.

Kununua faili ni jambo jingine. Faili hubaki kwako, unaweza kulinakili kwenye flashi yako, na halina haja ya bando kila ukisikiliza. Hata hapo, kinachouzwa ni ruhusa ya kusikiliza. Wimbo unabaki wa mwenyewe.

Hili lina uzito mtu anapofariki. Santuri na kaseti za marehemu ziligawanywa pamoja na shuka na redio yake. Akaunti ya muziki hufa na nywila. Apple humruhusu mtumiaji kuteua mtu wa kurithi picha na nyaraka zake, lakini muziki ulionunuliwa haumo katika urithi huo. Familia iliyozoea kusikia chaguo la baba kila Idi au Krismasi inaweza kubaki na simu iliyofungwa.

Mambo ya kupanga nyumbani

Fungua akaunti kwa nchi unayoishi kweli. Uongo wa anwani unaokoa siku moja na kusumbua miaka.

Usinunue kadi ya zawadi bila kusoma nchi iliyoandikwa juu yake, na usiinunue kwa mtu usiyemjua. Anayekupigia akitaka ulipe deni au faini kwa kadi za zawadi ni tapeli.

Mtoto asiachiwe simu yenye kadi isiyo na nywila ya manunuzi. Kadi ya mtandaoni ya simu ina faida hapa: weka kiasi cha mwezi tu.

Gawanya bajeti kwa matumizi. Vijana wanaobadili nyimbo kila wiki wanafaa huduma ya kukodi au ya bure yenye matangazo. Nyimbo za babu na mama, ambazo hazitabadilika kamwe, ni bora kuzinunua kama faili mara moja.

Weka nakala mbili za mafaili mliyonunua, moja kwenye flashi na nyingine kwenye kompyuta au simu ya pili. Andika kwenye karatasi jina la bendi, wimbo na mwaka.

Orodha hiyo iandikwe wenye kumbukumbu wakiwa hai na wakiwa na nafasi. Jioni mbili za kukaa na mzee, daftari mkononi, zinatosha kupata majina ambayo duka lolote la mtandao, liwe la Dar es Salaam, Kampala au London, halitakutajia usipoliuliza.